Aliyetoa Betri za Zubaida

Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, mke wangu alikufa mara ya pili.

Mara ya kwanza alifia hospitali moja hapa Kampala, mwaka juzi, tukimngoja daktari ambaye kila mtu alisema yuko njiani. Mara ya pili alifia kwenye ukumbi kule Mengo, mchana kweupe, ndani ya kinanda. Hakuna aliyelia. Mtu wa spika alikuwa anakula chapati.

Kwa wewe ambaye gazeti la juma lililopita, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, habari ni hii.

Mimi ni Obura, Mjaluo wa Ugenya, upande wa Kenya. Nilikuja Kampala kijana na nikakwama mtaa wa Namuwongo hadi leo. Mwaka 1988 mimi na rafiki yangu Sebit, Mnubi, tulianzisha muziki wa watu wawili. Yeye alikuwa na kisanduku cha ngoma za umeme, mimi nilikuwa na kinanda cha Kijapani. Gitaa hatuna, tarumbeta hatuna. Tukajiita Waya Mbili. Wenye bendi kubwa wakatuita harusi ya soketi.

Lakini wimbo wetu mmoja ulipigwa kila baa toka Katwe hadi Busia, na kilichoupigisha si mimi wala Sebit. Ni sauti ya dada yake, Zubaida.

Kinanda kile kina kijimaiki. Unaimba ndani yake kwa muda wa pumzi moja, kinashika sauti yako, halafu kila jino la kinanda linaiimba: huku juu kama mtoto, huku chini kama mzee. Zubaida aliimba "eewee", mara moja tu, akarudi jikoni kwake. Pumzi hiyo moja ikatulisha miaka.

Kisha nikamwoa. Kwao hawakutaka, Mkristo, tena Mjaluo. Sebit akazima ngoma zake akaenda kuendesha lori la Juba, na miaka thelathini hatukusalimiana. Zubaida alipofariki, ndugu zake walikuja na gari wakamchukua wakamzika kwao Bombo siku hiyo hiyo, kwa dini yao. Kwetu mke huzikwa kwa mumewe, kushoto mwa nyumba. Nafasi yake kule Ugenya imeota majani. Sikugombana na mtu. Wao walichukua mwili, mimi nikabaki na sauti.

Juma lililopita niliishia pale Whitney, binti wa Kikenya anayeuza vifuniko vya simu karibu na reli, alipoutia wimbo wetu mtandaoni kwa simu yake, ukachezwa na vijana wasiojua hata sisi ni nani. Ndipo bosi mmoja wa matamasha, Okidi, akatukusanya mimi na Sebit kama vyuma chakavu. Tupige Jumapili, saa kumi jioni, uwanjani, watu wenye watoto na watu wenye bia.

Sasa nikwambie kuhusu betri.

Kinanda kile hakina akili ya kukumbuka chenyewe. Sauti uliyoitia inakaa kwa sababu ya umeme. Ukichomoa waya, betri sita zilizo tumboni mwake zinaishikilia. Ukitoa betri, waya lazima uwe ukutani. Ukikosa vyote viwili, hata kwa muda wa kupiga chafya, sauti imekwenda na hairudi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kubadilisha betri ilikuwa kazi ya watu wawili. Mimi napiga magoti na bisibisi. Zubaida anasimama kwenye soketi, ameishika plagi kama mtu anayemshika mtoto kwenye sindano. Na hatukufanya siku yoyote tu. Tulingoja siku ambayo umeme umeshakatika na umeshawaka tena, kwa sababu wale wakubwa wa umeme wakishakula sehemu yao asubuhi, mchana wanaweza kukusahau.

"Fanya haraka," ananiambia. "Nikipigwa shoti hapa utabaki na mimi wa ndani tu."

Tulicheka. Nikabaki naye wa ndani tu.

Alipokufa nikawa nabadilisha peke yangu, plagi nimeifunga kwa kamba kwenye msumari.

Wiki ile ya shoo, jino moja la kinanda lilikuwa limelegea. Okidi akasema kiende Katwe kwa fundi Wanyama. Nikasema nitakipeleka mwenyewe. Bosi wangu wa godauni, ninakolinda geti, akasema hakuna ruhusa, shehena inaingia. Hivyo ndivyo wakubwa walivyo. Hawapangi pamoja, lakini wakikubana unaona kama walikaa kikao.

Okidi akamtuma mtu wake akakipeleka. Mimi nilimweleza yule mtu mara tatu kuhusu betri, akanijibu sawa mara tatu.

Alhamisi nikafika Mengo mazoezini. Kinanda kipo mezani, kimefutwa vumbi, jino limekazwa. Sebit yuko upande wake amekaa na kisanduku chake, kofia nyeupe kichwani. Tukasalimiana kama watu wanaongoja kuitwa kwenye dirisha la benki.

Nikawasha. Nikabonyeza.

Kilitoka kinanda. Kinanda cha kawaida, kile cha kiwandani. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza juu, nikabonyeza chini. Nikazima nikawasha, jambo ambalo nilijua halina maana.

Nikakigeuza nikafungua kifuniko. Betri sita, mpya kabisa, zinang'aa. Zangu zilikuwa za rangi nyingine na nilikuwa nimezizungushia utepe mweusi.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye kiti. Nakumbuka kiti kilikuwa cha plastiki na kilikuwa na ufa, kikawa kinanibana paja, nami nikakiacha kinibane.

Okidi akaja na simu zake mbili. Nikamweleza.

"Mzee wangu, hiyo ni sauti tu," akasema. "Whitney ana kompyuta. Ataikata kutoka kwa ile kaseti yenu."

Nikamwambia kwenye kaseti amefunikwa na ngoma, hatoki peke yake.

"Basi tutaleta msichana aimbe. Hawa watoto hawatajua tofauti. Ni eewee tu, si Kilatini."

Tu. Mtu akipewa cheo hapa mjini, neno la kwanza analojifunza ni hilo. Ni homa tu. Ni fomu tu. Ngoja tu.

Nikageuka kumwangalia Sebit. Alikuwa anafuta kisanduku chake kwa leso, kifuniko kile kile, mara nyingi.

Nikapanda boda mpaka Katwe.

Wanyama anafanyia kazi kwenye kibanda katikati ya watu wanaogonga masufuria na mageti, na anaongea kwa sauti ya juu hata pakiwa kimya. Nikamuuliza nani ametoa betri. Akaapa.

"Mimi nilikaza ile jino moja, basi. Waya ilikuwa kwa ukuta wakati yote, na betri yako nikaacha na utepe yake. Mtu wa Okidi alisema usiguse, sikugusa. Nikabonyeza nikasikia mama anaimba. Mpaka huyu wa katogo hapa akaniuliza, Wanyama, umeficha mwanamke gani ndani ya hiyo sanduku?"

Mama wa katogo, yule muuza ndizi zilizopikwa na utumbo, ambaye alikuwa anapakua sahani, akasema kweli, na akaongeza kwamba huyo mwanamke alikuwa na sauti kuliko wanawake wote ambao Wanyama amewahi kuwaficha.

Watu walicheka. Mimi nilisimama tu.

Nikauliza aliyekuja kukichukua ni nani.

"Si yule mwenzako? Mzee mwenye kofia. Sebit. Alikuja jana. Akaomba nimpishe kidogo akijaribu. Nikaenda kununua soda. Kurudi, nikamkuta amekaa hapo chini kwa vyuma, kanzu yote kutu."

Nikarudi Namuwongo kwa miguu, nikifuata reli. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, sikuwa nawaza. Nilihesabu nani wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza hakuwa mkubwa yeyote.

Sebit amepanga chumba upande wa juu wa reli, kwa binamu yake. Nilimkuta barazani ametoka kuswali alasiri, anakunywa chai ya tangawizi. Akaninyooshea kigoda. Sikukaa.

"Ulitoa wewe," nikasema.

"Nilitoa mimi."

Hata hakubisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

"Kwa nini?"

Akaweka kikombe chini. "Obura, yule amelala Bombo. Mimi nilishuka kaburini, mimi nilimpokea kwa mikono hii. Nikamwombea, kila kitu cha dunia kimekwisha kwake. Halafu Jumapili wewe umsimamishe mbele ya walevi, umbonyeze aimbe? Kila ukimgusa, aimbe? Hawezi kukataa. Umewahi kufikiri hilo? Hawezi kusema leo nimechoka."

"Aliimba mwenyewe."

"Aliimba akiwa hai."

"Ni mke wangu."

"Ni dada yangu kabla hujavuka Busia."

Binamu yake alitoka na kikombe cha pili, akatuangalia, akarudi nacho ndani.

Sebit akaendelea, sauti imeshuka. Akasema alikwenda Katwe akiwa na nia ya kuchukua kinanda tu. Akasema alipobonyeza lile jino, alimsikia dada yake. Miaka thelathini hakuwa amemsikia akiimba. Alipigiwa simu akiwa njiani kutoka Juba kwamba amekwisha, akaja akamkuta amefungwa sanda. Sauti ya mwisho ya dada yake aliyoisikia kwa masikio ilikuwa matusi mlangoni, siku Zubaida alipoondoka nami.

"Nilibonyeza mara moja," akasema. "Nikasema nikibonyeza mara ya pili sitaacha. Nitakuwa kama wewe. Nikatoa waya, nikatoa betri, nikangoja. Kisha nikakununulia mpya."

Alikuwa anataka nishukuru kwa zile betri mpya. Naapa alikuwa anataka.

Nilitaka kumpiga. Mkono haukupanda. Mtu akipokonywa mara nyingi, mwili unazoea, unaona ni kama mvua, unangoja ipite. Wao walichukua mwili, na sasa wamerudi kuchukua sauti. Na aliyebaki na chochote chake ni Mungu, ambaye naye ni mkubwa, na wakubwa ninawajua.

Nikamuuliza atapiga Jumapili au hapana.

"Nitapiga. Ila pale pake tunyamaze. Asiwekwe msichana mwingine. Tukifika pale, wewe ondoa mikono, mimi nizime ngoma. Pawe kimya. Kisha tuendelee."

Nikasema sawa. Usiniulize kwa nini. Sikuwa na sababu ya kwenda na sikuwa na sababu ya kutokwenda, na Okidi alikuwa ameshabandika picha zetu mpaka kwenye ukuta wa choo.

Jumapili ikafika.

Uwanja ulijaa. Vijana wamevaa mashati mapana ya zamani, yale sisi tuliyavaa kwa sababu hatukuwa na mengine. Mshereheshaji, msema chochote wao, akatuita lejendi. Nilimwona mama mmoja mnene mbele kabisa, wa umri wetu, ameshika mkoba kifuani. Nikapanda jukwaani nimevaa koti langu la mazishi, ndilo koti nililo nalo.

Sebit akaanza ngoma. Tu-ka, tu-ka. Nikaingia.

Nitakuwa mkweli, vidole vilijua njia. Nilikuwa nimekaa mbali naviangalia. Watu waliruka. Ubeti wa kwanza ukapita, ubeti wa pili nikauimba, sauti yangu imekuwa kama geti la godauni, wakapiga makofi hivyo hivyo.

Tukafika pale pake.

Nikaondoa mikono. Sebit akazima ngoma. Kimya.

Na uwanja mzima ukaimba.

"Eewee."

Wote. Wenye bia na wenye watoto. Yule mama mwenye mkoba alifumba macho. Walikuwa wameisikia kwenye simu miezi yote hiyo, wanaijua kuliko wanavyojua wimbo wa taifa. Walikosea kidogo, waliivuta juu kuliko yeye, lakini ilikuwa ile ile. Wakangoja, wakaimba tena.

Nikamwangalia Sebit. Mkono wake ulikuwa hewani juu ya kisanduku, haushuki.

Mimi sikusikia kitu moyoni. Naandika hili kwa sababu mwandishi mwingine angekudanganya kwamba nililia. Nilisikia kiu.

Tukamaliza hivi hivi, tukashuka nyuma ya jukwaa, mahali penye kreti za soda na jenereta. Okidi alikuwa anarukaruka, anasema kile kimya kilikuwa ubunifu mkubwa, tukifanye kila shoo, Jinja, Kisumu, kote. Akaenda kujibu simu.

Tukabaki wawili.

"Sebit," nikasema. "Wale nao utawatoa betri?"

Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Hapo ndipo Whitney alipokuja mbio, anapita juu ya nyaya, simu mkononi. Akasema, "Wazee wangu, poleni, nina kitu chenu. Nimeambiwa niwape mkiwa wote wawili, nimengoja Okidi aondoke."

Nikamuuliza ameambiwa na nani.

"Na Lailah."

Lailah ni binti yangu na Zubaida. Anafanya kazi Nairobi, kwenye saluni. Mimi simu yangu ni katochi, ile ndogo yenye tochi, haipokei vitu vya kisasa, kwa hiyo mtoto wangu akitaka kunitumia picha humtumia Whitney.

Whitney akaeleza haraka haraka. Lailah alikuwa ameona kwenye simu, moja kwa moja kutoka uwanjani, baba na mjomba wamesimama pamoja. Akatuma sauti. Mama yake aliirekodi kitandani hospitali, juma lake la mwisho, akamwapisha: usimpe baba yako peke yake, usimpe mjomba wako peke yake. Ngoja siku watakayokuwa wawili. Ikiwa hawatakuwa, izikwe.

Miaka miwili mtoto ameibeba. Kila Krismasi amekuja amekaa nami, tumekula, hakuniambia.

"Mimi sijaisikiliza," Whitney akasema. "Ni ya dakika tano hivi. Niweke?"

Nilimtazama Sebit nikijua atasema hapana. Ni yeye aliyesema dunia imekwisha kwa dada yake.

"Weka," akasema.

Akakaa kwenye kreti. Mimi nikasimama. Whitney akageuza simu juu, akaikinga na upepo kwa kiganja.

Kwanza tulisikia vitanda vya chuma na mtu anakokota ndoo. Kisha alikohoa. Kisha akaongea, si kwa sauti ya kinanda, kwa sauti yake ya mwisho, ile kavu ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Sebit. Baba Lailah. Kama mko wote wawili hapo, alhamdulillahi, nimeshinda."

Akavuta pumzi. Sebit alikuwa ameinama mpaka kichwa kinakaribia magoti.

"Sasa mmoja wenu atoke nje. Hili ni la mmoja. Sitasema nani, nyinyi mtajua. Nangoja. Lailah, mwanangu, nyamaza kulia, tumpe muda atoke."

Na akangoja kweli. Ndoo ikakokotwa tena. Whitney akaisimamisha sauti kwa kidole gumba, akaturudishia macho, mmoja kisha mwingine.

Sebit hakunyanyuka kwenye kreti. Miguu yangu haikusogea. Jenereta lilikuwa linanguruma, na huko mbele watu walikuwa bado wanaita, eewee, eewee.

"Wazee," Whitney akasema, "nani anatoka?"